Nakariri maana za maneno magumu ya Kiingereza lakini hayatoki mdomoni. Nifanyeje?

KijanaWaIgombe:

Wakuu, salaam. Niko Mwanza, upande wa Igombe. Kazi yangu ni ya mwaloni: mitumbwi ikifika alfajiri napima sato na sangara, urefu na uzito, najaza fomu, jioni natuma. Fomu zenyewe ni za Kiingereza, ripoti zinazoshuka kutoka juu ni za Kiingereza, na sasa nataka kuomba ufadhili wa shahada ya uzamili ya mambo ya uvuvi, wanataka IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza.

Kiingereza cha kuombea maji ninacho. Kinachonishinda ni kile kizito. Nikaona dawa ni kamusi. Nikanunua kaunta buku, nikaanza na herufi A: neno, maana, neno, maana. "Abate", "abdicate", "abrogate". Ukiniuliza saa hii "abrogate" ni nini nakujibu bila kupepesa macho: kufuta sheria. Sasa mwaloni nani anafuta sheria? Ukinipa ripoti ya hali ya samaki bado najikongoja, na nikishika kalamu narudi kulekule kwa "very big", "very bad", "very important".

Swali langu: kujifunza kwa maana za kamusi kuna faida, au napoteza muda? Kama ipo, ni kamusi gani na inasomwaje? Tafadhali msiniambie "soma sana vitabu", hiyo naisikia tangu kidato cha kwanza.

BodaWaBuzuruga:

Mkuu, kwa mwendo huo herufi Z utaikuta umestaafu 😂 Weka bando, angalia mpira wa Uingereza, sikiliza mtangazaji. "Clinical finish" nimeijulia hapo, na hospitali sijawahi kulazwa.

MwalimuNansio:

Mwanangu wa Igombe, huyo wa boda usimcheke, ana hoja na nitairudia.

Nimefundisha Kiingereza sekondari hapa Ukerewe mpaka nikastaafu. Kwanza, achana na herufi A. Kamusi imepangwa kwa alfabeti ili neno lipatikane upesi, si ili mtu alisome kwa foleni hiyo. Hayo matatu uliyoyataja yanafanana sura, na yote yana harufu ya kupungua, kuacha au kufuta. Ukiyaingiza kichwani siku moja yatagombana humo humo, na siku ya mtihani litatoka lisilotakiwa.

Pili, kamusi. Za Kiingereza kwa Kiswahili, kama ile ya TUKI, usizitupe. Ukikutana na "otter", ukiambiwa ni fisi maji basi shughuli imekwisha, mnyama unamjua. Shida iko kwa maneno yenye tabia. Chukua "notorious". Mwanafunzi akishaambiwa na mwenzake kwamba ni "maarufu", anaandika insha kuwa kisiwa chetu ni "notorious for oranges", utadhani machungwa ni ujambazi. Neno hilo ni la umaarufu wa ubaya.

Kwa hatua uliyofika, shika kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, lakini ile iliyoandikwa kwa ajili ya wageni wa lugha. Hizi zina historia yake. Mwingereza mmoja, Hornby, alikuwa akifundisha Kiingereza Japani, akaona kamusi za Waingereza haziwasaidii wanafunzi wake, akatunga ya kwao pamoja na wenzake wawili. Ilichapwa Tokyo mwaka 1942, Oxford wakaitoa upya 1948, na ndiyo mama wa Oxford Advanced Learner's unayoiona madukani hadi leo. Longman nao walipotoa ya kwao mwaka 1978 walijiwekea sharti: fasili, yaani maelezo ya maana, ziandikwe kwa maneno ya kawaida kama 2,000 tu. Hilo ndilo la kushika. Ukiwa na hayo 2,000, fasili ya neno lolote zito utaielewa bila kukimbilia fasili nyingine. Collins COBUILD ya 1987 ikaenda mbali zaidi: fasili yake ni sentensi nzima, kwa hiyo unaliona neno likiwa kazini.

Tatu, namna ya kusoma. Wewe kwenye kaunta buku umenakili maana ukaacha mengine yote, na hayo mengine ndiyo uliyoyalipia hela. Pale kando ya neno kuna alama. U maana yake nomino haihesabiki. Ungejua nimesahihisha "equipments", "advices" na "informations" ngapi kwa wino mwekundu! Alama ni herufi moja tu, watu wanairuka. T ni kitenzi kinachotaka kitendwa, I ni kisichotaka. "Formal" maana yake usilipeleke kijiweni. "Disapproving" maana yake ndani yake mna lawama.

Na usisome maana ya kwanza ukafunga. "Sanction" inaweza kuwa adhabu, kama nchi kuwekewa vikwazo, na inaweza kuwa kibali. Barua ikisema "the committee sanctioned the project", mradi umepita huo. Aliyeshika maana moja tu atarudi nyumbani na huzuni.

Sasa hoja ya boda. "Clinical" hakuipata ikiwa peke yake, aliipata imeshikana na "finish". Maneno ya Kiingereza yana wenza wake. Kila fasili unayoandika, andika na mwenza wa neno kutoka kwenye mfano.

BodaWaBuzuruga:

Asante mwalimu kwa kunitetea. Screenshot nimepiga, namtumia mke wangu.

DadaWaNyegezi:

Shikamoo mwalimu.

Kaka wa Igombe, mimi niko kwenye utafiti wa samaki na hiyo IELTS nimeifanya. Naongeza la fani yetu. Orodha yako ya maneno usiitoe kwenye kamusi, itoe kwenye zile ripoti zinazokukwaza. Kamusi iwe ni mahali pa kwenda kuuliza.

Mfano, "eutrophication". Linatisha mpaka ulifungue. Ni Kigiriki: "eu" ni vizuri, "trophe" ni lishe. Ziwa limelishwa vizuri mno! Nitrojeni na fosforasi za mashambani na maji taka ya mjini zinaingia, mwani unastawi, unakufa, na wakati wa kuoza unamaliza oksijeni, samaki wanakosa hewa. Wewe jambo hili unaliona kwa macho kila maji yanapogeuka kijani. Ukishaijua "trophe", "atrophy" ya madaktari inafunguka yenyewe: a- ni bila, msuli uliokosa lishe, yaani kunyauka. Ila mizizi nayo usiifuate kipofu, kuna maneno yamehama mbali na asili yao. Kisia kwa mzizi, kisha hakikisha kwenye fasili.

Mfano wa pili ndio unaonipandisha presha nikisoma kazi za wanafunzi. Ngege, yule wa asili kabla ya sato kuletwa, kwenye ziwa kubwa karibu ametoweka, lakini kwenye viziwa vya pembeni bado yupo. Watu wanaandika "extinct". Soma fasili: "extinct" ni kwamba hayupo tena popote duniani. Umemzika mtu angali anapumua. Kutoweka mahali fulani huku kwingine upo ni "extirpated", na akiwa hatarini ni "endangered". Hapo fasili si mapambo, ni data.

Kwa maneno ya kitaaluma yasiyo ya fani moja, tafuta Academic Word List ya Averil Coxhead. Aliitoa mwaka 2000 akiwa Chuo Kikuu cha Victoria kule Wellington, New Zealand (Victoria tofauti na hii yetu). Ni familia 570 za maneno (familia ni neno pamoja na ndugu zake, kama "sustain" na "sustainable"), na zinachukua takriban asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. "Estimate", "fluctuate", "sustain" zote zimo. "Abrogate" haimo.

Kwenye IELTS, msamiati ni robo ya alama za kuandika. Mtahini anaangalia kama neno limekaa mahali pake. Ugumu wake peke yake haukupi kitu.

MwalimuNansio:

Marahaba binti. La ngege nimelipenda. Sisi tuliomla tunajua kilichopotea.

MpingaKamusi:

Mimi napinga wote. Mtoto wa Kisukuma alijifunza Kisukuma kwa kamusi gani? Lugha inaingia kwa kusikia na kusoma, neno gumu unalikisia kwa yanayolizunguka.

DadaWaNyegezi:

Mtoto ana miaka ya kusikia kutwa nzima na mama wa kumrekebisha. Kaka wa Igombe ana fomu na dirisha la maombi. Halafu kukisia kunataka uyajue hayo yanayolizunguka. Paul Nation, mtafiti wa msamiati, alipiga hesabu mwaka 2006: ili ujue asilimia 98 ya maneno ya maandishi ya kawaida, unahitaji familia 8,000 hadi 9,000. Ukiwa chini sana ya hapo, unakisia neno moja kwa kutumia mengine usiyoyajua. Kusoma sana nakubali, lakini kamusi iwe mkononi.

KijanaWaIgombe:

Nimewaelewa sana. Herufi A nimeifunga leo. Swali la mwisho: yanakaaje kichwani? Naelewa leo, wiki ijayo yameyeyuka.

DadaWaNyegezi:

Tumia kadi. Nilikuwa nakata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa tiketi, nafunga na mpira, nasoma kwenye kivuko cha Kamanga. Mbele naandika sentensi kutoka kwenye ripoti nikiacha pengo palipo na neno. Nyuma naandika neno, mwenza wake, na fasili kwa maneno YANGU. Ukishindwa kuisema kwa maneno yako, hujaielewa bado, rudi kwenye kamusi.

Kuzipanga, fuata mtindo wa mwandishi Leitner wa mwaka 1972: visanduku kadhaa. Uliyoipata inasogea kisanduku cha mbele, inakaa muda mrefu zaidi kabla ya kuulizwa tena. Uliyokosa inarudi cha kwanza. Boksi za viatu zinatosha. Zipo programu za simu zinazofanya hivyo hivyo, ila mvua ikikukuta mwaloni simu iko ndani ya nailoni.

KijanaWaIgombe:

Nimeanza na "deplete" ya ripoti ya mwezi huu. Mwalimu, angalia: "The tilapia have depleted in the southern part of the lake."

MwalimuNansio:

Fungua kamusi uangalie alama. Ni T. Kwa kawaida kitenzi hiki kinataka kitendwa: kuna anayemaliza na kuna kinachomalizwa. Sato hawajimalizi wenyewe. Na mwenza wake mkubwa ni nani?

KijanaWaIgombe:

"Stocks". "Stocks of tilapia have been depleted by illegal nets."

MwalimuNansio:

Sawasawa. Kesho niletee "yield", maana zake zote, na usinitajie mahindi.