Naomba ushauri: ugonjwa wa siliaki wa utotoni huisha mtu akikua?

Mama wa Mikindani: Wanajamvi, salaam. Mwanangu aligundulika na siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, akiwa mdogo, baada ya kuharisha muda mrefu, tumbo limejaa na miguu imekonda. Tuliacha ngano kabisa, akanawiri kwa ugali wa muhogo, wali na samaki. Sasa yuko chuoni, anakula chapati na maandazi kama wenzake, na kwa kuwa haharishi anasema ule ulikuwa ugonjwa wa kitoto. Je, amepona kweli, au nimkazie?

Mkulima wa Newala: Mama, mwache ale. Mdogo wangu utotoni alikuwa na mzio wa maziwa, leo anakunywa chai ya maziwa bila shida yoyote.

Muuguzi Mstaafu, Lindi: Ndugu Mkulima, hayo ni mambo mawili. Mzio wa maziwa huisha kwa watoto wengi, lakini katika siliaki kinga ya mwili, ikichochewa na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano na shayiri, huushambulia utumbo mwembamba wa mhusika mwenyewe, na hali hiyo ni ya maisha yote. Dhana ya kwamba mtoto huuacha ukubwani ni ya zamani: mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa Marekani alieneza mlo wa ndizi, na watoto waliopata nafuu wakarudishwa kwenye mkate wakidhaniwa wamepona, hadi Willem Dicke wa Uholanzi alipoonyesha kwamba chanzo ni ngano.

Mama, kutoharisha si kipimo. Kwa mtu mzima ugonjwa huu mara nyingi hujitokeza kama uchovu, mifupa dhaifu, au upungufu wa damu usiosikia vidonge. Apimwe damu mapema, tena kabla hajaacha ngano, kwani akiiacha kwanza majibu yanaweza kuonekana safi ilhali ugonjwa upo.

Mama wa Mikindani: Nashukuru sana, dada. Na baada ya kipimo, huko chuoni atakula nini?

Mama Lishe wa Shangani: Mbona huku kusini chakula kipo: ugali wa mahindi au mtama, mbaazi, ming'oko (viazi vya porini), samaki wa kuchoma. Aangalie tu mihogo ya kukaanga, maana wengi wetu (sijitoi) huikaanga katika mafuta yaleyale ya maandazi, na aulize kuhusu uji wa lishe, kwa kuwa baadhi ya unga huo huchanganywa na ngano.