Shule ya Ndola inataka kumchanja binti yangu dhidi ya kansa ya mlango wa kizazi. Nikubali?

Mama Ketsia, Katuba

Wapendwa, habari za jioni kutoka Lubumbashi, Kongo. Binti yangu ana miaka 14, anasoma bweni Ndola, Zambia. Amerudi likizo na habari kwamba muhula ujao wauguzi watapita shuleni kuwachoma wasichana wa umri wake shindano (sindano) la kukinga kansa ya mlango wa kizazi. Matroni amesema mzazi asiyetaka aseme mapema.

Ugonjwa huo naujua. Yaya, dada yangu mkubwa, aliondoka nao. Alianza kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa, akanyamaza kwa aibu. Baadaye damu ikawa ya kila siku, pamoja na maji yenye harufu, nasi tukamwambia ni umri, hedhi inataka kukoma. Alipofika kwa daktari ilikuwa imekwisha kuingia kwenye kibofu. Vitenge vyake nilikuwa ninavifua mimi, naviloweka kwa maji ya javeli nyuma ya nyumba, usiku, ili watoto wake wasivione.

Basi juzi nilipompeleka mdogo kupimwa uzito, nikauliza palepale kituoni. Muuguzi hakuinua hata macho kwenye daftari lake. "Mama, hiyo ni wewe kuona. Ukitaka sawa, usipotaka si lazima." Nimetoka na swali langu lilelile. Na mume wangu kazini wamemwambia kwamba shindano hilo linafunga uzazi. Kuna muganga au muuguzi humu wa kunijibu waziwazi? Wewe ungemchoma wako?

Papa Jonathan, Kasumbalesa

Pole sana kwa yaya, Mama Ketsia. Mpwa wangu alichomwa Chingola, shuleni kwao. Mkono ulimuuma siku mbili, akaendelea na masomo. Wazambia wanawachanja watoto wao wenyewe nchi nzima tangu 2019, si jambo la kuwategea wageni.

Muuguzi wa Kampemba

Mama Ketsia, pole kwa msiba. Jibu langu ni ndiyo. Achanjwe muhula huo huo, usingoje mwingine. Wangu bado mdogo, ana miaka 7. Akitimiza 9 nitamtafutia chanjo hiyo popote ilipo.

Sasa nikueleze, umweleze na baba yake. Karibu kansa zote za mlango wa kizazi huletwa na kirusi kinachoitwa HPV. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeligundua hilo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi hicho kina aina nyingi, lakini namba 16 na 18 peke yake ndizo zinazoleta kama kansa 7 kati ya 10. Watu wengi hukipata wakati fulani maishani, mwili ukakifukuza bila wao kujua. Kwa baadhi ya wanawake hakiondoki. Kinakaa miaka 10, 15, 20, kinaharibu polepole bila maumivu yoyote. Yaya yako hakuzembea, mama. Damu inapoanza kuonekana, mara nyingi ugonjwa umekwisha kwenda mbali.

Chanjo inafunga mlango kabla kirusi hakijaingia. Kikishaingia haikitoi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka wasichana wa miaka 9 hadi 14 wawe wa kwanza, na mwili wa umri huo unajenga kinga nzuri kuliko wa mtu mzima. Uingereza, waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 walipokua kansa hiyo ilipungua kwao kwa 87%. Hao ni wanawake waliofuatiliwa hadi ukubwani.

Kuhusu uzazi: ndani ya chupa hiyo hamna kirusi. Mna protini ya ngozi yake ya nje tu, kama ganda la karanga lisilo na punje. Haiwezi kumpa mtoto ugonjwa. Wanawake wa nchi nyingi wamechanjwa tangu 2006, na wataalamu wa usalama wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani walichunguza suala hili la utasa, hawakuona kwamba chanjo inasababisha. Mwambie mumeo jambo moja zaidi: kinachoondoa uzazi ni kansa yenyewe, maana tukiiwahi mara nyingi tunalazimika kutoa kizazi chote.

Wenzangu wauguzi mnaosoma hapa, nina neno nanyi. Mama akileta mtoto kwa ajili ya chanjo ya surua au ya kifua kikuu (BCG), hatumwambii "ni wewe kuona". Tunasema, "Leo mtoto anapata surua," tunamshika mkono, tunamchoma, tunaandika kwenye kadi. Halafu tukifika kwenye HPV sauti inashuka, tunaanza "kama unataka, si lazima". Mama anasikia woga wetu kabla ya maneno yetu. Mzazi akiulizwa kwa nini alikubali, mara nyingi atakwambia muganga alimwambia achanje. Hilo limeonekana nchi baada ya nchi. Kauli yetu ina uzito, tuitumie.

Mimi nasema hivi: "Mama, binti yako ana miaka 11, umri wa chanjo ya kukinga kansa ya mlango wa kizazi. Nakushauri achanjwe." Nanyamaza. Wengi wanauliza swali moja au mawili, nawajibu, yamekwisha. Anayekataa simgombezi. Namwuliza amesikia nini, na mara nyingi ni jambo moja tu analoliogopa, ukilijua unaweza kulijibu. Akiendelea kukataa namwambia nitamwuliza tena akija, na kweli namwuliza. Ninaanza na kansa, siyo na ngono, kwa sababu tunazuia kansa. Akitaka kujua kirusi kinapita wapi namwambia ukweli wote, sifichi.

Mama Ketsia, siku ya shindano Ketsia ale asubuhi, na akimaliza akae dakika 15. Wasichana wa umri huo huzimia kwa kuiogopa sindano, hasa wakimwona mwenzao ameanguka. Nimeshawahi kuona benchi zima linalegea kwa sababu ya mmoja wa kwanza.

Mzee wa Ruashi

Binti yangu muuguzi, nakuheshimu na ninaona unajua kazi yako. Lakini mimi ni mzazi na ni mzee wa kanisa. Mtoto wa miaka 14, hata 9, anachanjwa ugonjwa unaopitia ngono. Si ndiyo kumwambia njia iko wazi? Na kwa nini wasichana tu? Pia nasikia zamani ilikuwa mashindano matatu, leo ni moja. Kama matatu yalihitajika, moja linatosha vipi?

Muuguzi wa Kampemba

Baba, asante kwa kuuliza. Hofu hiyo wazazi wa nchi nyingine walikuwa nayo pia, watafiti wakaifuata. Wasichana waliochanjwa hawakuanza ngono mapema kuliko wenzao. Kwa mtoto wa miaka 10 ni shindano la mkononi tu. Mafundisho yako ya nyumbani na ya kanisani yabaki palepale. Na tuseme wazi, msichana anaweza kujitunza hadi ndoa, mume akaja nacho bila hata yeye mume kujua.

Wasichana ndio wenye mlango wa kizazi, na dozi zikiwa chache wanatangulia. Australia na Uingereza wanachanja hata wavulana, maana kirusi hiki kinaleta kansa ya koo na ya njia ya haja kubwa pia.

Juu ya dozi, elimu imekua. Kenya walifanya utafiti kwa wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 20: dozi moja ilizuia maambukizi yasiyoondoka ya namba 16 na 18 kwa zaidi ya 97% katika miezi 18 ya kwanza. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali ratiba ya dozi moja au mbili kwa wasichana. Ila mtoto anayeishi na virusi vya ukimwi anahitaji angalau mbili, na ikiwezekana tatu, kwa hiyo mzazi wake amwone muuguzi faraghani kabla ya siku ya shule.

Mama Ketsia, Katuba

Dada muuguzi, Mungu akubariki. Nimemsomea mume wangu majibu yote, mstari kwa mstari. Pale pa kutoa kizazi alinyamaza, kisha akasema, "Mpigie matroni." Nimempigia, jina la Ketsia litaandikwa.

Sasa mimi je? Nina miaka 39, nimezaa watano. Nichanjwe nami?

Muuguzi wa Kampemba

Wewe chanjo haina faida kubwa tena. Wewe upimwe. Kuanzia miaka 30 kila mwanamke apimwe, na anayeishi na virusi vya ukimwi aanze kwenye 25. Kuna kipimo cha HPV, na pale ambapo hakipo kuna kipimo cha siki. Utalala kitandani, muuguzi atafungua njia kwa kifaa, atapaka siki kwenye mlango wa kizazi na pamba, atasubiri kama dakika moja, aangalie na taa. Sehemu iliyoanza kuharibika inageuka nyeupe. Ikionekana, na ikiwa inafaa, inachomwa kwa joto au kugandishwa siku hiyo hiyo, kabla haijawa kansa. Usiogope, na usingoje dalili. Nenda ukiwa mzima.

Mama Ketsia, Katuba

Nitaenda Jumatatu. Lakini huenda nikawa mwezini.

Muuguzi wa Kampemba

Basi ngoja damu ikauke kabisa, uende wiki inayofuata. Siku mbili kabla usiingize dawa yoyote ukeni wala kujiosha kwa ndani. Na umchukue na shemeji yako au mwanamke yeyote aliyepita 30, mkapimwe wote siku moja.