Mrejesho: stabilaiza ya nyuma ya Mazda MX-5 ya zamani, mlio umekwisha

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa: kwa nini stabilaiza nene (fimbo ya chuma inayozuia gari kulala upande kwenye kona) iligonga kwenye matuta baada ya kufungwa? Kosa ni nati za linki (vijiti vinavyounganisha ncha za fimbo na mikono ya magurudumu) kukazwa gari likiwa juu ya jeki, matairi yananing'inia. Bushi za mpira zikabaki zimejipinda. Legeza, shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Bushi za breketi (vishikio vya fimbo kwenye gari), zikiwa za poliurethani (plastiki ngumu kuliko mpira), zipakwe grisi ya silikoni, la sivyo zitalia. Kabla ya kufunga linki, fimbo izunguke kwa mkono. Ikigoma, breketi inabana. Stabilaiza yenye matundu mawili ya linki kila ncha, anzia la mwishoni kabisa, ndilo huifanya iwe laini zaidi. Nyuma ikiwa ngumu mno, mkia huteleza konani, hasa kwenye mvua.