Chupa za furu wa zamani zimepungua maji na ngoma zinatoa unga: tuanzie wapi?

MlindaKabati

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wanaojua kazi za makumbusho. Tumekabidhiwa chumba kidogo cha makumbusho hapa kando ya ziwa, Mwanza, na kuna mambo mawili yanatusumbua.

La kwanza ni chupa kama arobaini za samaki, wengi wao furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria wenye aina nyingi. Lebo chache zinazosomeka zina tarehe za 1979 hadi 1984. Maji ya ndani yamekuwa ya kahawia na yamepungua, mengine yamefika nusu. Hatujui ni fomalini (ile dawa ya kuhifadhia maiti) au ni pombe. Chupa mbili zimekauka kabisa. Mifuniko ni ya bati na imeshika kutu.

La pili ni ngoma na vigoda. Chini yake tunakuta unga laini kila tukifagia. Fundi mmoja anashauri tupake oili chafu.

Tujaze nini kwenye chupa? Lebo zilizofifia tuandike mpya tutupe za zamani? Na hiyo oili vipi? Kuna mwenzetu anasema chupa zenyewe tuzitupe tu, samaki wapo soko la Kirumba mwaloni.

Nyavu_na_Lebo

Huyo mwenzenu mzuieni kwanza. Furu wa miaka hiyo huwapati tena mwaloni. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini katika Ghuba ya Mwanza alifumuka miaka ya 1980, na furu wakaporomoka. Ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kama 200 zilitoweka. Hata walionusurika hawakubaki walivyokuwa. Furu aitwaye Haplochromis pyrrhocephalus wa ghuba hiyohiyo alipolinganishwa na wenzake waliohifadhiwa kabla ya sangara kutawala, ilionekana matamvua yake ya kupumulia yamepanuka sana, na watafiti wanalihusisha jambo hilo na kupungua kwa oksijeni majini. Bila chupa za zamani hakuna cha kulinganisha.

Tuje kwenye kazi. Kabla ya kugusa maji, ipeni kila chupa namba ya muda, mpige picha pande zote, lebo ya ndani ionekane kupitia kioo. Bandikeni nje kipande cha utepe pale maji yalipofika na muandike tarehe. Baada ya mwezi mtajua ipi inavuja na ipi ilipungua zamani ikatulia.

Kujua ni fomalini au pombe, msinuse. Fomalini inachoma macho na mapafu, tena inasababisha saratani. Fanyeni kazi nje penye upepo, mkiwa na glavu za nitrili na miwani. Chota maji kwa bomba la sindano, weka kwenye silinda ya kupimia, tumbukiza haidromita ya pombe, kile kijiti kinachoelea na kuonyesha asilimia ya pombe. Ikisoma asilimia 40, 50, 60, hiyo ni ethanoli, yaani ile pombe. Ikigoma kuzama hata kufika alama ya sifuri, mna fomalini. Mashapo meupe kama unga chini ya chupa nayo ni dalili ya fomalini. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Chumba chenu mchana kiko 26 au 27, kwa hiyo itawasomea juu kwa asilimia 2 hadi 3. Ziondoeni kabla ya kupiga hesabu.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: chupa imepungua, anajazia ethanoli ya asilimia 70. Pombe huvukia upesi kuliko maji, kwa hiyo kilichobaki ndani ni dhaifu, na ukikijazia 70 hutafika 70. Kiwango kikishuka chini ya 50 nyama inaanza kulegea na ukungu unapata nafasi.

Hesabu yake ni hii. Kwa kila sehemu 26 za maji ya zamani, ongeza ethanoli ya 96 kwa idadi ya sehemu unayoipata ukitoa kipimo chako kwenye 70. Haidromita ikisema 50, ni sehemu 20 kwa 26. Ukitaka lita moja, chukua mililita 565 za zamani na 435 za ethanoli. Ikisema 62, ni sehemu 8 kwa 26. Changanyeni kwenye chombo cha pembeni, kamwe si juu ya samaki. Ethanoli ya 96 ikimmwagikia samaki inanyonya maji yake ghafla, mapezi yanajikunja na macho yanazama. Kilicho chini ya 40 kipandisheni kwa ngazi: 50 siku mbili, 60 siku mbili, ndipo 70.

Mifuniko ya bati iondoeni. Tafuteni ya plastiki ya polipropilini yenye kizibo laini ndani. Hiyo ya bati ndiyo chanzo cha balaa lote. Mkijaza upya na kurudisha bati, mtarudi hapahapa.

Na moto: mvuke wa ethanoli ya 70 unaweza kuwaka kuanzia nyuzi 17 hivi, na mchana wa Mwanza uko juu ya hapo mwaka mzima. Birika la chai lisiingie chumba hicho.

Polepole_TZ

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila msishike chupa arobaini kwa mkupuo. Anzeni na mbili zisizo na lebo. Mkono ukizoea, endeleeni.

Zile za fomalini zisikae humo miaka mingine. Fomalini isiyotiwa kitu cha kuzuia tindikali hugeuka tindikali polepole na kuyeyusha kalisi ya mifupa. Utaona samaki bado ana umbo, lakini akipigwa eksirei mifupa haionekani vizuri, na kwa furu mifupa ya taya na meno ndiyo inayotenganisha aina na aina. Waosheni kwenye maji safi siku mbili tatu, mkibadilisha maji asubuhi na jioni, kisha ethanoli ya 35, 50, hatimaye 70. Maji ya kuoshea na fomalini yenyewe visiende kwenye sinki wala ziwani. Kusanyeni kwenye dumu lenye lebo, muulize ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali namna ya kuvitoa.

Waliokauka msiwamiminie kitu, watapasuka. Waweke juu ya kichanja ndani ya ndoo yenye mfuniko, chini kuwe na maji kidogo ya moto yasiyowagusa. Mvuke uwalainishe siku moja au mbili, mkiwachungulia ukungu, kisha ngazi zilezile. Hawatarudi kama walivyokuwa, lakini meno na magamba yatahesabika.

Mkipata samaki wapya: fomalini ya dukani sehemu 1 kwa maji sehemu 9, yenye chokaa au boraksi kidogo ya kuzuia tindikali, na iwe nyingi, mara kumi ya ujazo wa samaki. Wiki moja inatosha furu wa kawaida. Mwenye zaidi ya sentimita 15 mpasue tumbo kidogo, upande wa kulia. Wa kushoto unaachwa mzima kwa vipimo na picha. Kabla ya fomalini kata kipande cha pezi, kiweke kwenye kichupa cha ethanoli ya 96 chenye namba ileile, maana fomalini huharibu vinasaba.

Dada_Rejista

Mmeongea sana kuhusu maji. Mimi naona lebo ndiyo mali. Samaki aliyeharibika akiwa na lebo bado ana kazi. Samaki mzuri asiye na lebo ni kitoweo kilichochelewa.

Lebo ya zamani haitolewi wala haitupwi hata ikiwa chakavu. Andika mpya, iweke ndani kando ya ile. Nakili kilichoandikwa jinsi kilivyo, makosa ya tahajia yakiwemo. Unachokisia kiweke kwenye mabano ya mraba. Mtaalamu akija kusema jina la samaki si hilo, usifute. Ongeza kijilebo cha jina jipya, nani kalitambua na mwaka gani. Karatasi iwe ya pamba, mwandiko wa penseli. Kalamu ya bik inayeyuka kwenye pombe ukiangalia, na karatasi ya printa inageuka uji.

"Mwanza" peke yake kwenye lebo haisaidii. Furu wa miambani hutofautiana kutoka kisiwa hadi kisiwa kilicho kilomita chache tu. Chukua Makobe, ambako Pundamilia nyererei na Pundamilia pundamilia wanaishi pamoja: dume la kwanza lina wekundu mgongoni, la pili ni la kijivu chenye samawati. Waweke kwenye ethanoli, baada ya muda wote ni kahawia na rangi haikusaidii tena. Kwa hiyo wapya wapigwe picha wakiwa hai au muda uleule wametoka kwenye wavu, na lebo ibebe mahali hasa, viwianishi vya GPS vya desimali nne, kina kwa mita, na wamevuliwa kwa nini: nyavu, ndoano au kokoro.

Na mtafiti akiomba kubeba sampuli nje ya nchi, muulizeni kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na mkataba wa maandishi kabla hamjafungua kabati.

MlindaKabati

Asanteni sana. Ethanoli ya 96 ni ghali kwetu. Spiriti ya dukani haifai hata kwa muda? Na ngoma mmezisahau jamani.

Nyavu_na_Lebo

Ile yenye rangi inapaka samaki rangi, na nyingine ukiitia maji inageuka nyeupe kama maziwa, humuoni samaki. Halafu hujui kuna nini ndani yake. Bora kuokoa chupa kumi vizuri mwaka huu kwa ethanoli safi. Mkishajifunzia zile mbili zisizo na lebo, tangulizeni zenye lebo zinazosomeka.

Kigoda_na_Ngozi

Ngoma sijazisahau. Oili chafu hapana, na mafuta ya taa hapana. Oili inaingia kwenye mti haitoki tena, inavuta vumbi, inafuta masizi na mafuta ya mikono ya waliozitumia, na funza aliye ndani kabisa haimfikii.

Unga huo ni wa wadudu wanaotoboa mti, kwa hiyo kwanza angalieni kama bado wako hai. Fagieni kila tundu kwa brashi laini, wekeni kigoda juu ya karatasi nyeusi wiki mbili bila kukisogeza. Unga mpya ukionekana, wapo. Tundu jipya lina kingo safi na rangi ya mti mbichi. La zamani limejaa vumbi jeusi. Wakati huo kitengeni na vingine.

Kigoda cha mti mtupu kinagandishwa. Kifunge kwenye nailoni nzito, toa hewa, ziba kwa utepe, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, kiache ndani ya nailoni saa 24, la sivyo unyevu wa hewa ya ziwa utakigandia chote.

Ngoma iliyowambwa usiigandishe, ngozi iliyovutwa inaweza kupasuka. Ifungie kwenye mfuko wa plastiki maalumu isiyopitisha hewa, pamoja na vifuko vya kunyonya oksijeni na kipimo chake, wiki nne. Nailoni ya kawaida inapitisha oksijeni. Mkikosa vifaa hivyo, itengeni na muombe msaada kwenye makumbusho kubwa.

Glavu msivue. Ngozi na manyoya ya makusanyo ya zamani mara nyingi yalipakwa aseniki au DDT.

Kingine ambacho watu wa ziwani hatukitilii maanani ni wale vijidudu wanaopanda makundi makundi kutoka majini baada ya mwezi mwandamo. Wanafuata taa, wanakufa dirishani, na mizoga yao ndiyo chakula cha mbawakawa wadogo wanaokula ngozi na manyoya. Zimeni taa za chumba usiku, fagieni vizingiti vya madirisha asubuhi.

Namba msiandike kwenye mti kwa kalamu wala kwa rangi ya kucha. Shoneni utepe wa pamba wenye namba, mfungie kigoda mguuni. Na kwa ngoma za watemi, waulizeni wazee wa ukoo nani anaruhusiwa kuzishika na zinakaa upande gani; jibu lao liingie kwenye rejista, pamoja na jina la Kisukuma la kila ngoma.

MlindaKabati

Friza ya mwaloni ya kuhifadhia samaki tunaweza kuazima? Na umeme ukikatika?

Kigoda_na_Ngozi

Inafaa, mradi nailoni haina tundu. Tumbukizeni kipimajoto cha kuacha ndani, msitegemee namba ya mlangoni. Joto likipanda juu ya 10 chini ya sifuri, hesabuni wiki mbili upya kuanzia liliporudi 18.