Paka mwenye kisukari anahamia glargine: sirinji za zamani, dozi, na kupima nyumbani

NyumbaYaPaka:

Habari wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kisukari cha paka.

Ni paka dume, amehasiwa, miaka 11, kilo 6.4, na uzito huo umezidi. Alikuwa anachomwa insulini ya Caninsulin uniti 2 asubuhi na jioni, lakini bado anakunywa maji sana na anakojoa sana. Daktari ameamua ahamie insulini nyingine, glargine (jina la dukani Lantus), aanze na uniti 1 kila baada ya saa 12. Chakula chake mpaka leo ni kikavu. Sindano ya kwanza ya glargine ni kesho asubuhi, na kabla ya hapo naomba kujua:

1. Nina boksi zima la sirinji zilizobaki za Caninsulin, zenye kofia nyekundu. Naweza kuzimalizia?
2. Sukari yake asubuhi kabla ya sindano ni kati ya 19 na 22 mmol/L. Isiposhuka ndani ya siku mbili tatu, niongeze dozi?
3. Nina kipima sukari cha binadamu. Kinafaa kwa paka?
4. Nimesikia kuna vidonge vipya vya kisukari cha paka. Je, tuachane na sindano?

---

Uniti_Nusu:

Swali la kwanza ndilo la haraka. USITUMIE hizo sirinji.

Caninsulin ina uniti 40 katika mililita moja, na sirinji za kofia nyekundu zimechorwa kwa hesabu hiyo. Mstari wa "1" juu yake ni mililita 0.025. Lantus ina uniti 100 katika mililita moja, kwa hiyo ukivuta mpaka mstari huo huo unampa paka uniti 2.5 badala ya 1. Ukivuta hadi "2" umempa uniti 5, na kwa paka anayeanza hiyo ni dozi ya kumwangusha. Usitegemee rangi ya kofia peke yake, soma maandishi ubavuni mwa sirinji: U-40 au U-100. Hilo boksi la zamani liondoe kabisa nyumbani leo, hasa kama mnaochoma ni zaidi ya mtu mmoja.

Unachohitaji ni sirinji ya U-100 ya mililita 0.3, yenye mistari ya nusu uniti. Hakikisha hiyo nusu ipo, maana baadhi ya sirinji za ukubwa huo zina mistari ya uniti nzima tu, na kwa paka nusu uniti ni tofauti kubwa. Sindano ya geji 30 au 31 yenye urefu wa milimita 8 inatosha. Ile fupi zaidi mara nyingi huishia kwenye manyoya.

Dozi husomwa kwenye ukingo wa mpira mweusi ulio upande wa sindano. Kiputo cha hewa chini ya ngozi hakimdhuru paka, ila kinachukua nafasi ya dawa. Kwenye dozi ya uniti 1, kiputo cha nusu uniti kimekula nusu ya dozi. Gonga sirinji kwa kidole, rudisha hewa kwenye chupa, vuta tena.

Glargine haitikiswi. Inatakiwa iwe angavu kama maji. Ikionyesha ukungu au chembechembe, itupe. Usiichanganye na insulini nyingine wala kuiongezea maji. Ndani ya chupa ina asidi, na ikikutana na mwili chini ya ngozi hugeuka chembe ndogo sana zinazoyeyuka polepole, ndiyo maana inadumu muda mrefu. Ukivuruga asidi hiyo umeharibu dawa. Itunze kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Ikiganda hata mara moja, haifai tena.

Kama hujanunua bado, chukua katriji (vichupa vidogo vya kalamu ya insulini) za mililita 3. Chupa ya mililita 10 ina uniti 1000, na paka wa uniti 2 kwa siku angehitaji siku 500 kuimaliza. Mtengenezaji anasema siku 28 baada ya kufungua. Madaktari wengi wa wanyama huruhusu muda mrefu zaidi kama imekaa kwenye friji wakati wote, lakini muulize wako, na siku sukari ikianza kupanda bila sababu, shuku chupa kabla ya kugusa dozi.

---

Daftari_la_Sukari:

Naongezea kwenye swali la pili na la tatu.

Namba ya asubuhi kabla ya sindano haitoshi kuamua dozi, kwa sababu huo ndio wakati dawa ya jana inaishia. Unachotafuta ni namba ya chini kabisa ambayo sukari inafika katikati ya saa 12. Chukua paka wawili, wote wana 21 asubuhi. Mmoja anashuka hadi 6 mchana halafu anapanda tena. Mwingine hashuki chini ya 17 siku nzima. Wa pili anahitaji kuongezwa. Wa kwanza ukimwongezea utamtia hatarini, na pengine asubuhi bado utamkuta na 21 au zaidi, kwa kuwa sukari ikiporomoka sana mwili humwaga homoni za kuipandisha.

Ili kuijua namba ya chini unapima mfululizo. Ukichoma saa 1 asubuhi, pima kabla ya chakula na sindano, halafu kila baada ya saa 2 hadi saa 1 jioni. Chora kwenye daftari. Unataka sehemu ya chini iangukie kati ya 4.5 na 8 hivi, na sehemu ya juu isizidi 14 hadi 16, maana juu ya hapo figo za paka zinashindwa kurudisha sukari nayo inatoka na mkojo. Maji mengi anayokunywa yanatokana na hilo. Kama mashine yako inasoma mg/dL, gawanya kwa 18 upate mmol/L.

Glargine inahitaji siku kadhaa kutulia mwilini. Kuongeza baada ya siku mbili ni mapema mno. Mpe siku 7 hadi 14 kwenye dozi moja, pima mfululizo, mpelekee daktari hiyo chati, na kama anaongeza basi iwe nusu uniti kwa hatua. Kupunguza ndiko kusikosubiri: ukiona chini ya 4.5 mara moja, zungumza na daktari siku hiyo hiyo kabla ya sindano inayofuata. Na kwa kuwa hujaujua mwenendo wake kwenye dawa hii, asubuhi ukikuta chini ya 11, usichome kwanza. Piga simu.

Kipima cha binadamu kinafaa ukijua kasoro yake. Kwa paka na mbwa sukari nyingi zaidi imo kwenye majimaji ya damu kuliko ndani ya chembe nyekundu, kwa hiyo mashine ya binadamu kwa kawaida husoma chini ya ukweli. Zipo za wanyama, kama AlphaTrak, zilizotengenezwa kwa ajili ya paka na mbwa. Lolote utakalochagua, baki nalo. Ukichanganya mashine mbili kwenye chati moja, chati hiyo haina maana tena.

Damu itoe pembezoni mwa sikio, upande wa nje, karibu na mshipa mwembamba unaoonekana ukimulika. Sikio likiwa baridi hakuna damu. Lipashe dakika moja kwa kitambaa cha uvuguvugu kisha likaushe vizuri, kwani maji huchanganyika na tone na kukupa namba ya uongo. Weka pamba nyuma ya sikio ili usijichome kidole.

Na msitishwe sana na namba ya kliniki. Paka akiogopa, sukari inaweza kupanda kupita 16 hata kama hana kisukari. Ndiyo sababu kuna kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha wastani wa wiki moja hadi tatu zilizopita.

---

Mama_Simba:

Nashangaa hakuna aliyegusa chakula, na ndicho chenye nafasi kubwa ya kumtoa huyu paka kwenye insulini kabisa. Paka, tofauti na mbwa, anaweza kurudi hali ya kutohitaji sindano, hasa miezi ya mwanzo, sukari ikidhibitiwa vizuri kwa insulini ya muda mrefu pamoja na chakula chenye wanga kidogo. Chakula kikavu kinahitaji wanga ili punje zishikamane. Hamia chakula cha kopo chenye protini nyingi, ambacho wanga unatoa chini ya asilimia 12 hivi ya nishati yote.

Tahadhari: usibadilishe chakula kimyakimya huku dozi ikibaki ile ile. Wanga ukipungua, mahitaji ya insulini yanaweza kushuka ndani ya siku chache. Mwambie daktari tarehe utakayoanza, badilisha taratibu kwa wiki moja au mbili, na kipindi hicho pima kila siku.

Uzito nao ushuke polepole, asilimia 0.5 hadi 1 kwa wiki. Kwa kilo 6.4 ni gramu 32 hadi 64 tu. Paka mnene akilazwa na njaa hata siku chache, ini lake hujaa mafuta, na huo ugonjwa unaua.

Vidonge: unavyosikia pengine ni bexagliflozin, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2022. Ya mwaka uliofuata, velagliflozin, ni ya maji. Zote mbili zinafanya figo zimwage sukari kwenye mkojo. Lakini maelekezo yake huko ni kwa paka ambaye HAJAWAHI kutibiwa kwa insulini, kwa hiyo wako hayumo. Sababu ni nzito: dawa hizi zinashusha sukari bila kuongeza insulini. Paka ambaye kongosho lake limechoka anaweza kutengeneza ketoni (asidi zinazotokana na mwili kuchoma mafuta) na damu kugeuka tindikali huku kipima kikionyesha sukari nzuri tu. Paka aliye kwenye dawa hizo akikataa chakula, akitapika au akizubaa, apimwe ketoni siku hiyo hiyo, namba ya sukari isikudanganye. Glipizide ni kidonge cha zamani, kinawasaidia wachache, na kinaweza kusumbua ini.

---

NyumbaYaPaka:

Ahsanteni sana. Sirinji za U-40 nimeziondoa, kesho asubuhi nafuata za U-100 zenye nusu kabla ya kuchoma. Mawili zaidi: nimchome wapi, maana nilionyeshwa kisogoni? Na nikihisi dawa imemwagikia kwenye manyoya, nirudie?

---

Uniti_Nusu:

Usirudie. Kamwe. Hata kama manyoya yameloa na yananuka dawa, hujui ni kiasi gani kimeingia. Sukari ikiwa juu kwa saa 12 haimuui paka wako, dozi mbili zinaweza. Vivyo hivyo kama mmesahau nani kachoma: hesabuni kwamba imechomwa. Bandikeni karatasi kwenye mlango wa friji, kila anayechoma aandike saa na dozi papo hapo. Ukichelewa saa moja au mbili kwa glargine si tatizo. Ukikosa kabisa, endelea na inayofuata kwa wakati wake, bila kufidia.

Kisogoni panakubalika ila ngozi yake ni nene na damu haipiti vizuri. Ubavuni ni bora, kifuani au tumboni kwa pembeni, na ubadilishe upande kila mara. Inua ngozi iwe kama hema, ingiza sindano chini ya mkunjo sambamba na mwili, usitoboe hadi upande wa pili. Achomwe wakati anakula au mara baada ya kula. Akikataa chakula au akitapika, mpigie daktari kabla ya kuchoma. Mara nyingi ataagiza nusu dozi au kuruka.

---

Daftari_la_Sukari:

Weka sharubati ya glukosi au asali mahali panapojulikana na kila mtu. Dalili za sukari kushuka ni njaa ya ghafla, kulegea, kupepesuka, kutetemeka, mwisho degedege. Chini ya 3.3 ni dharura hata akionekana mzima. Akiweza kumeza, mpe chakula mara moja. Akiwa amelegea, mpake asali kwenye ufizi, usimmiminie mdomoni maana itaingia kwenye mapafu, na usitie kidole katikati ya meno akiwa na degedege. Kisha kliniki. Asipate nafuu tu ukarudi kulala: glargine bado inafanya kazi saa nyingi, na sukari inaweza kuporomoka tena.

---

Jike_la_Ulinzi:

Samahani kuingilia. Haya yote yanafaa pia kwa mbwa jike mwenye kisukari, miaka 8, hajafungwa kizazi?

---

Mama_Simba:

Hesabu ya sirinji, ndiyo. Mengine yanatofautiana. Mbwa karibu wote wanabaki kwenye insulini maisha yao yote, na dawa ya kwanza huwa ni aina ya Caninsulin, ambayo hutikiswa mpaka iwe nyeupe sawasawa. Wanga kidogo si lazima. Muhimu ni mlo ule ule, kiasi kile kile, saa zile zile. Mtoto wa jicho huja haraka, kwa hiyo macho yaangaliwe mapema.

Kwa jike wako, zungumza na daktari kuhusu kumfunga kizazi sasa. Baada ya kila joto, homoni ya projesteroni hupanda kwa wiki nyingi na kuizuia insulini isifanye kazi, hata ungeongeza dozi namna gani. Wachache, wakifanyiwa upasuaji mapema, kisukari hupotea kabisa. Na mtaje daktari dawa zote alizopewa: prednisoloni au sindano ya steroidi ya muwasho inapandisha sukari kwa mbwa na kwa paka pia.