Viwavi kwenye miche ya malimao, hawa ni wadudu gani?

MamaBustani_Moro
Habari zenu wadau, naombeni msaada kwa anayewajua wadudu. Nina miche ya malimao na machungwa kwenye viriba hapa nyumbani Morogoro, sasa tangu mvua zianze majani machanga yanaliwa na mdudu mwenyewe simuoni, naona tu kitu kama kinyesi cha ndege kimekaukia juu ya jani, cheusi na katikati cheupe. Juzi mwanangu akakigusa na kijiti kikasogea, kumbe kiwavi! Halafu mche wa pembeni kuna wengine wakubwa, hao ni wa kijani wana mikanda ya kahawia ubavuni, ukiwashtua wanatoa vipembe viwili vya rangi ya chungwa nyuma ya kichwa na harufu kali inatoka hapo hapo. Mi naona ni wadudu wawili tofauti, baba watoto anasema ni mmoja. Wana sumu? Nina watoto wadogo. Duka la pembejeo wameniambia nipulize dawa ila sitaki kupuliza kitu ambacho hata jina sikijui.

Fundi Miche
Dada piga dawa mapema, mche mdogo ukiliwa majani ya juu unabaki fito. Mimi kitaluni kwangu sisubiri.

Kereng'ende
Baba watoto yuko sahihi, ni mdudu mmoja huyo. Ni kiwavi wa kipepeo anaitwa kitaalamu Papilio demodocus, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano mabawa yote, bila shaka umeshamuona anapita bustanini anapigapiga mabawa hata akiwa amesimama kwenye ua. Akiwa mdogo anajifanya kinyesi ili ndege wasimdonoe, anajivua ngozi mara kadhaa, akishakuwa mkubwa ndo anageuka kijani anafanana na jani. Hivyo vipembe anavitoa akihisi hatari na ile harufu ni ya kufukuza sisimizi na nyigu, mtu haimdhuru, watoto wakimshika wanawe mikono basi. Halafu geuza majani machanga utaona vijiyai vya njano hafifu, mviringo, kimoja kimoja, hatagi rundo.

Kingine kilichonipa uhakika ni mmea wenyewe. Watu wanapiga picha ya mdudu peke yake wanauliza huyu nani, bila kusema kakutwa kwenye mti gani, wakati viwavi wengi wanachagua sana chakula na huyu anapenda jamii ya mlimao, mchungwa, mdimu. Ukitaja mti umeshapunguza nusu ya kazi.

Kuhusu dawa siungi mkono kabisa. Miche ya viriba waokote kwa mkono asubuhi, wahamishie kwenye mti mkubwa wa limao kama upo, mti mkubwa hauumii na viwavi wachache. Ukipuliza sumu unaua na vile vinyigu vidogo vinavyotaga ndani ya mayai na viwavi hao hao, na hivyo ndo askari wako wa bure.

Mpwani_Kilifi
Kereng'ende amesema kweli lakini niongeze, kwenye mlimao yuaweza pia kuwa Papilio dardanus, viwavi wake hula majani hayo hayo. Huyo dume lake ni njano hafifu lina mikia, jike huku kwetu laiga vipepeo wengine wasiolika, ukiwaona pamoja huwezi amini ni mke na mume. Ukitaka uhakika mfuge mmoja, mtie kwenye kopo pana, funika kwa kitambaa cha neti, mpe majani mabichi kila siku na kijiti cha kujishikiza. Atajifunga kwa uzi kiunoni awe pupa, yaani lile ganda atulialo ndani kabla ya kuwa kipepeo, ya kijani au ya kahawia, ngoja wiki mbili hivi, na usimsumbue akitoka maana mabawa yatoka yamekunjamana, yataka muda yakauke. Watoto watapenda sana.

Hapa Gede kuna mradi wa Kipepeo tangu 1993, wanavijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko Sokoke wafuga vipepeo na pupa zauzwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Kwa hivyo kile wewe wataka kukipulizia dawa, kwa mwenzio ni karo ya mtoto.

MamaBustani_Moro
Asanteni sana jamani, nimeshawahamishia kwa jirani mwenye mlimao mkubwa, mmoja nimembakiza kwenye kopo. Sasa maswali mengine mawili. Kuna majani yana michirizi ya fedha inazunguka zunguka ndani ya jani, ni huyu huyu? Na kuna kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zina madoa meupe, anakuja kila siku kwenye maua, huyu naye viwavi wake watakula malimao?

Kereng'ende
Michirizi si yeye. Hiyo ni ya kiwavi wa kinondo kidogo sana, anaishi ndani ya jani lenyewe anachimba njia, Phyllocnistis citrella. Jani likikomaa hamtaki tena, usihangaike nayo labda mche uwe dhaifu.

Huyo wa chungwa angalia bawa la nyuma. Ukikuta madoa meusi matatu au manne katikati ni Danaus chrysippus, ndege hawamli kwa sababu ya sumu anayoipata kwenye mimea yenye utomvu mweupe aliyokula akiwa kiwavi. Ukikuta doa moja tu, pale ukingo wa mbele wa bawa, ni jike la Hypolimnas misippus, huyo hana sumu ila anamuiga mwenzake. Wote wawili malimao yako hawana habari nayo. Piga picha mabawa yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa, maana upande wa chini mara nyingi ndo unaamua.

Fundi Miche
Kereng'ende, na sisimizi wanaopanda kwenye miche ya malimao je? Nao niwaache?

Kereng'ende
Inategemea mkuu. Ukiona wamejazana kwenye majani yaliyojikunja, fungua uangalie ndani, mara nyingi kuna vidukari, vile vijidudu laini vinavyofyonza majani, na sisimizi wanavilinda wapate ule utomvu mtamu vinaoutoa. Hapo osha vidukari kwa maji ya sabuni, sisimizi wataondoka wenyewe. Ila kama ni majimoto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa kiota, hao waache, wanakula wadudu wengi waharibifu, huko Zanzibar wanajulikana kwa kulinda minazi.