Wanatuita tushike kamba tupigwe picha, kisha mnara wanawaachia watu wa mashindano

Habari zenu wakuu. Jambo hili nimelivumilia muda mrefu na leo nalitoa lote. Mlioko Uingereza mtanielewa upesi. Mlioko nyumbani nipeni nafasi nieleze, maana kwetu halipo kwa namna hii.

Nazungumzia kengele za kanisa. Kule kwetu Muheza nimekua nikijua kengele ni moja, anaivuta mzee mmoja, na makanisa mengine vijijini hugonga rimu ya gari iliyotundikwa mtini na watu wanafika ibadani vizuri tu. Huku Uingereza makanisa zaidi ya 5,000 yana seti nzima: kengele sita, nane, kumi, mengine kumi na mbili. Kila kengele imefungwa kwenye gurudumu lake, ina kamba yake na mtu wake. Ukiivuta inazunguka duara zima hadi isimame kinywa juu, halafu unaivuta tena izunguke kurudi ilikotoka. Wewe uko chini kabisa, huioni, unaisikia kwenye kamba tu. Watu wanane wamesimama duara wakitazamana kamba, na kila mmoja lazima aipatie kengele yake sekunde yake, asiwahi wala asichelewe.

Na hawapigi wimbo. Wanapiga hesabu. Wanaanza na kengele ndogo kuteremka hadi ile kubwa ya besi, kisha kila mzunguko mpangilio unabadilika, na kengele inaruhusiwa kusogea nafasi moja tu kwa wakati. Kengele sita zina mipangilio 720. Saba zina 5,040, na kuimaliza yote bila kurudia hata mmoja kunachukua kama saa tatu, bila karatasi mbele yako na bila kupumzika. Kengele nane zina 40,320. Mwaka 1963 pale Loughborough watu wanane waliipiga yote, karibu saa 18 mfululizo, hakuna aliyempokea mwenzake kamba. Nilipoelezwa habari hiyo kwa mara ya kwanza nywele zilinisimama. Kwa hiyo asije mtu hapa akaniambia siuelewi utamaduni wao. Naupenda. Ndiyo maana nimekasirika.

Sasa mashindano. Sina ugomvi nayo yenyewe, naomba hilo lieleweke mapema. Waamuzi huwekwa mahali ambapo hawajui ni timu gani iko kwenye kamba, wanasikiliza tu. Kila pigo lililowahi au lililochelewa linaandikwa kosa, na mwenye makosa machache ndiye mshindi. Huko Devon wana namna yao ya zamani: kiongozi anaita badiliko moja moja kwa sauti, na wanahukumiwa pia namna wanavyozipandisha kengele zote pamoja kutoka kinywa chini hadi kinywa juu, na kuzishusha tena pamoja. Mashindano ya kitaifa ya kengele kumi na mbili yapo tangu 1975, na Birmingham wameyachukua mara nyingi sana. Vijana nao wana yao ya kitaifa tangu 2011. Ni mazuri. Yanawafanya watu wasikilize, na kengele zinazopigwa bila kusikilizana ni kelele, jirani ana haki ya kulalamika.

Ugomvi wangu ni kile kinachofanyika chini ya kivuli cha hayo mashindano, kwenye mnara wa mji wetu, ambao siutaji.

Kila Septemba, wakati wa zile siku ambapo majengo ya kihistoria ya Uingereza hufunguliwa kwa umma bure, na wao wanafungua mnara. Bango linatundikwa getini: njooni wote, huhitaji uzoefu, huhitaji kujua muziki, tunahitaji watu wapya. Chai ipo, keki ipo, sanduku la michango lipo mlangoni. Watu tunapanga foleni kwenye ngazi nyembamba za mawe zinazozunguka. Ukifika juu unashikishwa ile sehemu ya kamba iliyofumwa kwa sufu ya rangi, mtu mzoefu amesimama ubavuni ameshika mkia wa kamba yeye mwenyewe, unavuta mara chache, kila mtu anapiga makofi, picha inapigwa, unapewa karatasi kwamba umepiga kengele. Anayefuata!

Binti yangu ana miaka 13. Aliposhika ile kamba uso wake ulibadilika. Mzazi anamjua mwanawe, na mimi huyu nimemtafutia kitu cha kupenda muda mrefu: kuogelea, gitaa, hata karate. Safari hii hakusukumwa na mtu. Jina aliliandika mwenyewe kwenye daftari, namba yangu ya simu chini yake. Tukaambiwa tutapigiwa.

Hatukupigiwa.

Tukaenda wenyewe jioni ya mazoezi, maana imeandikwa mlangoni kuwa ni ya wote. Tukakuta timu imesimama kwenye kamba, tukaelekezwa benchi la ukutani. Leo tunajiandaa na mashindano, tafadhali mkae mtazame. Tukatazama. Wiki iliyofuata benchi lile lile. Mashindano yakaja yakapita, tukadhani sasa zamu ya wanaojifunza imefika, kumbe kuna mashindano mengine ya dayosisi, na katikati yake kuna jaribio la kupiga mipangilio mirefu ambalo nalo linataka watu wale wale na kamba zile zile. Mtoto anakaa benchi na koti lake begani, anahesabu kamba kwa macho. Nyumbani amejifunza mpangilio mzima kwa kuuandika kwenye daftari la hesabu. Anaujua kichwani! Kinachokosekana ni mtu wa kumpa kamba.

Na hapa ndipo damu inaponichemka. Picha yake ya Septemba iko kwenye ubao wa matangazo wa kanisa na kwenye kipeperushi cha kuombea fedha za ukarabati. Imewekwa kubwa, mbele kabisa. Katika picha zote zilizo pale uso mweusi ni wake peke yake, na chini yake wameandika kuwa mnara ni wa jamii nzima. Yaani mwanangu anafaa kuwaombea fedha, hafai kufundishwa. Nilimwambia kiongozi wa mnara waziwazi: ama mmpe kamba, ama mteremshe picha. Akanijibu kwa upole sana kwamba kufundisha kunachukua muda na mwaka huu timu ina nafasi nzuri ya ushindi. Upole wa namna hiyo unauma kuliko tusi.

Ndiyo, kufundisha kunachukua muda, nani asiyejua? Kumfikisha mtu mahali aweze kuimudu kengele peke yake, kuivuta, kuisimamisha, kuirudisha, kunataka saa 10 hadi 15 za mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Na lazima iwe hivyo, kwa sababu kengele ina uzito wa mamia ya kilo. Kuna kipande cha mbao kinachoizuia isipitilize ikisimama kinywa juu. Asiyefundishwa akikivunja kile kipande, kengele inapinduka, kamba inapanda darini kwa nguvu, na asipoiachia inapanda naye. Hilo silipingi hata kidogo, sitaki mwanangu aumie. Lakini kama wanajua kazi ni saa 10 hadi 15 kwa kila mtu, wanawezaje kuuita mji mzima kwa mchana mmoja wakati saa hizo hawakuzitenga hata kwa mtu mmoja? Hiyo siku ya wazi ni ya nani basi?

Wala wasiseme majirani watachoshwa na makosa ya wanafunzi. Ulimi wa kengele unafungwa isitoe sauti, kifaa kinawekwa juu kinahisi gurudumu linavyozunguka, na kompyuta ndiyo inayolia chumbani. Nje husikii kitu. Unaweza kumfundisha mtoto Jumanne saa kumi na moja jioni na mtaa mzima usijue. Vifaa hivyo vipo pale mnarani! Vimenunuliwa kwa michango, na sanduku la siku ya wazi limechangia, hata mimi nilitia noti yangu. Sasa vinatumiwa na timu kupimia nani anachelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Mtazame na matokeo yake. Mnara una kengele nane. Jumapili asubuhi, kazi ambayo kengele zilitundikwa kwa ajili yake, mara nyingi zinalia tatu au nne. Kisa? Wazuri walikuwa mbali Jumamosi kwenye mashindano na wamechoka, au wamealikwa mnara mwingine wenye kengele nzuri zaidi. Wazee waliobaki wana magoti mabovu na ngazi zile si za mchezo. Timu yenye kombe kabatini inashindwa kuita watu ibadani kwa kengele zake zote.

Kinachonishangaza ni kwamba wakitaka wanaweza. Mwaka 2018, kuadhimisha miaka 100 tangu Vita vya Kwanza vya Dunia viishe, nchi nzima ilitafutwa wapigaji wapya 1,400, idadi iliyolingana na wapigaji waliohesabiwa kufa vitani. Kengele zikalia tarehe 11 Novemba na wapya wakiwemo. Mwaka 2023, kabla ya kutawazwa kwa mfalme Mei 6, wito ukatolewa tena, na watu ambao hawajawahi kugusa kamba wakafundishwa wakapiga siku hiyo. Walimu walipatikana wapi? Saa zilipatikana wapi? Kumbe zikiwepo kamera za taifa saa zinapatikana, ila kwa mtoto wa mlezi wa wazee kama mimi, anayekuja kila wiki bila kukosa, hazipo.

Siku ya wazi hawaachi kutusimulia ya 1940, jinsi kengele zilivyonyamazishwa nchi nzima zikabaki kuwa ishara ya adui kuvamia, na watu walivyolia machozi Novemba 1942 zilipolia tena kwa ushindi wa vita vya El Alamein, Misri. Simulizi nzuri, na wanaisimulia vizuri. Lakini mnara wao hautanyamazishwa na vita. Wanaunyamazisha wenyewe, kila jioni ya mazoezi wanayomwacha mtoto benchini.

Kuna atakayeniuliza Mswahili na kengele za Waingereza wapi na wapi. Ndugu yangu, sisi ni Waanglikana. Makhanda, Afrika Kusini, kengele nane za namna hii zilitundikwa 1879. Harare zipo. Na binti yangu amezaliwa hapa hapa, ubatizo wake umo kwenye daftari la kanisa hilo hilo. Isitoshe, hata wanawake wa Kiingereza walizuiwa minara hii vizazi na vizazi, na ni 1896 ndipo mwanamke wa kwanza, Alice White, alipomaliza kupiga mfululizo kamili wa mipangilio. Leo hakuna anayethubutu kumwambia mwanamke akae benchi. Mlango ulisukumwa ukafunguka.

Ninachotaka si kikubwa. Jioni ya mazoezi igawanywe, saa ya kwanza wanaojifunza, timu ibaki na iliyobaki. Mashindano yakikaribia, timu itafute siku yake nyingine, kama timu yoyote inavyofanya. Daftari la majina la Septemba lisomwe na watu wapigiwe simu ndani ya wiki, hata kama ni kuambiwa nafasi zimejaa mpaka mwezi fulani, maana hilo nalo ni jibu. Na kila anayetaka kusimama kwenye timu awe amemfundisha walau mtu mmoja mwaka huo. Mbona yeye alifundishwa bure? Hakuna aliyezaliwa na kamba mkononi pale, na kengele hizi hazilipishi ada, mtu alikaa naye jioni baada ya jioni mpaka akaweza.

Wazazi wenzangu mlioko huku, mwanao akitamani, usiishie kwenye keki. Uliza nani atamfundisha, jina lake, siku gani, saa ngapi. Uliza mara ya mwisho mtoto kufundishwa mpaka akapiga Jumapili ilikuwa lini. Wakianza kukuonyesha kombe, ondoka, ukatafute mnara mwingine. Huku minara iko karibu karibu, na ipo inayofundisha kwa moyo. Najua ipo kwa sababu kwenye yale mashindano ya vijana wanatokea watoto wenye umri wa mwanangu wanaopiga mpaka unabaki mdomo wazi, na hao wote kuna mtu aliwapa kamba.

Barua kwa kasisi nimeshaandika, na nakala inakwenda kwa baraza la kanisa. Picha nimeomba iteremshwe kwa maandishi, na kipeperushi kisichapwe tena. Kama kuna mtu humu anaishi Leicester, Coventry au Northampton, na mwanawe au yeye mwenyewe amefundishwa kengele hadi akaweza, naomba aniandikie pembeni mnara huo unaendeshaje mazoezi yake na wanapokea watoto siku gani. Jumatano niko zamu ya mchana, jioni nyingine zote naweza kuendesha gari.